Msile Tena Stoo

Baba Edith na watoto,

Supu yangu iko jikoni. Ikichemka, ichujeni isibaki hata kipande cha nyama. Tangu nipasuliwe kupunguza tumbo, daktari ameniruhusu vya kunywa tu. Ugali wenu nimeufunika.

Asubuhi nilifungua stoo nikawakuta mmechutama nyuma ya magunia ya mahindi, Baba Edith unawagawia dagaa. Nikafoka. Edith akasema, "Tulikuonea huruma, mama." Njaa naivumilia. Kuwaona mkila kwa kunificha kumeniuma kuliko mshono.

~~Nalala kwa dada, kule Laela.~~ Nimeenda kliniki, narudi jioni. Tutakaa wote mezani, ninyi na ugali, mimi na kikombe changu. Nikikodolea macho dagaa, mtu asinyanyuke.

Mama