Mlango Ulioupaka Samli

Mpendwa wangu Baba Atieno,

Motokaa imeuzwa. Naanza na hilo kwa sababu ungekuwa hai ndilo ungeuliza kwanza, kabla hata ya kujua kama mimi na mtoto tu wazima. Bwana anarudi kwao Ulaya, na mkulima mmoja wa miwa kutoka upande wa Fort Ternan amekuja kuichukua leo asubuhi, nikiwa naanika nguo za memsahibu uani, palepale unapopajua.

Ulivyoipenda motokaa ile, kuna siku niliionea wivu. Ulipokuja kunioa kwetu kando ya ziwa ulisema wewe ni dereva, na shangazi zangu wakaacha kuuliza maswali mengine yote. Hapa kambini, kwenye shamba la chai la bwana, wanaume walitoka alfajiri na vikapu mgongoni, miguu mitupu kwenye umande, na wewe ulikuwa na viatu. Kila asubuhi uliiosha, ukaipangusa kwa kile kitambaa cha flaneli ambacho mimi nilikatazwa hata kumpangusia Atieno pua.

Halafu ikaja ile safari ya Litein. Ulikuwa unapishana na mkokoteni wa maksai kwenye tope, maksai mmoja akageuza kichwa, na pembe ikachora mlango kuanzia kwenye kishikio hadi karibu na gurudumu. Ulirudi umenyong'onyea. Lakini bwana aliutazama mkwaruzo, akaupitishia ukucha, ukucha haukukwama, na wala hakufoka. Alisema tu, "Jumatatu nakwenda Kisumu. Fundi ya rangi natengeneza."

Hapo ndipo ulipokasirika wewe. Ugali ulipoa mbele yako.

"Fundi gani? Hiyo motokaa ni mimi naijua. Mtu wa Kisumu aishike kwa nini?"

"Kwani wewe umejua kazi ya rangi lini?" nikakuuliza.

"Baba yangu alikuwa analainisha vigoda vya wazee wote kwetu, na mimi nilikuwa nasugua pamoja na yeye. Hii ni mkwaruzo tu, Mama Atieno. Jumatatu bwana atakuta hakuna kazi ya kupeleka Kisumu."

Kesho yake, Jumamosi, ukatoa kwenye mkoba yale majani makavu ya msasa uliyobeba kutoka nyumbani, makali kama ulimi wa ng'ombe, ukachuchumaa mlangoni. Ulisugua kwa upole, huku unapiga mluzi. Kigoda ni mti mpaka ndani, ukikisugua kinazidi kupendeza, na mkono wako ulikuwa haujui kitu kingine. Mkwaruzo ukatoka kweli. Weusi wa motokaa nao ukatoka, ikaja rangi ya kijivu, na kabla hujaacha kupiga mluzi chuma kikatokea, cheupe, upana wa sahani.

Kobot Chebet, jirani yetu Mkipsigis, alikuwa kwenye jua anapaka makaa ndani ya kibuyu chake cha mursik, yale maziwa yao ya kugandisha. Ulimwendea, ukamwomba makaa yaliyobaki kwenye kisahani.

"Chukua tu," alisema. "Hii inashika kipuyu sana. Lakini chuma, mimi sijui."

Ukayasaga, ukayachanganya na samli yetu ya mwezi mzima, ukapaka. Na ukweli usemwe, ilipendeza! Mlango uling'aa kuliko siku zote. Nilikusifu, ukacheka, ukanishika bega mbele za watu, jambo ambalo hukuwahi kulifanya kabla wala baada. Nikikukumbuka huwa naanzia hapo.

Jumapili bwana na memsahibu walitoka wamevaa kwenda kanisani. Ulikuwa umesimama karibu na motokaa, umenyooka, kofia mkononi. Mbwa wao wawili ndio waliotangulia kufika. Wakaunusa mlango, wakaanza kuulamba, na kila walipolamba chuma kikajitokeza zaidi.

"Dereva! Kwa nini umbwa nakula motokaa yangu?"

Memsahibu alicheka mpaka akakaa kwenye ngazi. Bwana hakucheka. Alinyoosha mkono, ukampa ufunguo. "Wewe nakwenda chuma chai," akasema, "mpaka motokaa narudi kutoka Kisumu."

Nilikuwa jikoni kwao, dirisha liko wazi, na niliyasikia maneno yote. Wewe ulisikia ya mwanzo tu. Jioni nikakwambia, nikarudia, karibu nipige magoti.

"Amesema mpaka irudi. Nimesikia na masikio yangu."

"Wacha kunibembeleza. Mtu akikuvua viatu harudishi."

Labda ungenisadiki kama kambi ingetulia. Lakini kwenye mistari ya chai walikuita Dereva wa Samli, na wenye midomo wakakuuliza kama mbwa wameshiba. Hata wiki haikuisha. Ulisema unakwenda kwenye dhahabu Kakamega, na utarudi unaendesha motokaa yako mwenyewe. Viatu uliviacha chini ya kitanda.

Motokaa ikarudi. Bwana akasimama uani akaita, "Wapi dereva yangu?" Nilikuwa na shuka lililolowa mikononi, nikajibu kwamba umesafiri. Alikungoja, Baba Atieno. Aliendesha mwenyewe majuma kadhaa kabla ya kuajiri mwingine. Nilituma salamu kwa kila aliyekwenda huko. Jibu la kwanza lilikuja kwamba kifua kimekubana, na la pili kwamba wameshakuzika.

Nimekukasirikia sana. Bado nakukasirikia, hasa mvua ya jioni inapopiga mabati na Atieno ananiuliza ulikuwa mtu wa namna gani. Kosa lenyewe lilikuwa la mlango tu. Lilikuwa na fundi wake, na lilikuwa na siku yake ya kwisha, na wewe hukutaka kuingoja. Namwambia baba yake alikuwa na mikono mizuri. Ananiuliza iko wapi kazi yake aione, na vigoda vyako vyote viko kwenu.

Kwa hiyo leo, mnunuzi alipokuwa ndani na bwana, niliacha nguo nikaenda kwenye motokaa kama mtu anayepangusa vumbi. Nilipitisha kiganja chini ya kishikio, halafu ukucha, taratibu, hadi karibu na gurudumu, halafu nikarudia. Nilitaka tu kugusa mahali ulipogusa. Fundi wa Kisumu alifanya kazi nzuri mno, mume wangu. Hakuniachia hata alama moja ya mkono wako.

Pumzika huko ulikolala. Viatu vyako bado navipaka rangi, kwa kitambaa chako cha flaneli.

Ni mimi mkeo,
Mama Atieno