Ngazi za Mawe Zilizomwangusha Baba

Baba Nesta,

Maharage yako chunguni, chumvi nimeshatia. Baba yako amelala chumba cha mbele, mguu umevimba. Dada yako Ketrina amefika baadaye, yuko naye. Mkande kwa maji ya moto, wewe mwenyewe.

Ngazi zako za mlangoni ndizo zilizomwangusha. Nilikuambia mawe ya mtoni ni ya duara, hayatulii kwenye udongo mtupu. Ukasema mwanamke hajui ujenzi, ukaenda kilabuni.

Leo alikuja kukutafuta kabla ya kengele ya misheni. Nikajificha nyuma ya ukuta, maana mkamwana haonani na baba mkwe, sembuse kumgusa. Alipokuwa anashuka, nikasikia jiwe limebiringika, kisha yeye. Nilikuita mpaka sauti ikanikauka. Mzee analia kwenye mvua, mimi nimejifunika uso kwa khanga! Mwisho nikatoka, nikamwinua, nikamkokota mpaka ndani. Alifumba macho kwa aibu. Mimi pia.

Nimekwenda na Nesta kwa mama, Itumba. ~~Nitarudi Jumapili.~~ Nitarudi ngazi zikiisha. Ng'oa zote. Leta mawe bapa ya kule kilimani, uanzie chini, kila jiwe likalie lenzake. Na mbuzi usiwasahau.

Wazee wakija kabla hujazing'oa ngazi, wakauliza nani kavunja mwiko, usinitaje. Wakaribishe tu wapande.

Mama Nesta