Pumzi ya Baba Yako

Saulo uko? Nimetoka hospitali sasa hivi, nimekaa kwenye benchi hapa nje.

Wamenipa mrija wa mashine nipulize. Mimi! Miaka hamsini napuliza tarumbeta kanisani, leo nimefika nusu tu pumzi ikakata.

Daktari, binti mdogo kabisa, akaniuliza, "Babu, unavuta sigara?" Nikawaka. "Sijawahi kuvuta hata moja!"

Saulo, maneno hayo hayo. Ndiyo aliyosema baba yako mwaka 1976 mbele ya wazee wa kanisa, baada ya ile Pasaka tuliyopiga tarumbeta makaburini, yake ikakatika katikati ya wimbo. Hawakumwamini. Wakamtenga.

Binti akaniambia, "Mapafu yanazeeka, Babu, hata ya asiyevuta. Ukishapita thelathini na kitu yanapungua kidogo kidogo."

Yanazeeka tu! Kama magoti! Na baba yako alikuwa na miaka sitini na nane.

Mlimtafuta sana aliyemshtaki kwa wazee. Ni mimi. Nilikuwa kiongozi wa bendi, kijana najiona, nikawaambia mzee Lutengano anavuta kwa siri. Sikuwahi kumwona na sigara, Saulo. Nilisikia tu pumzi yake imepungua, mengine nikajazia mwenyewe. Halafu nikaja kwenu kuwapa pole, nikala ugali wenu.

Baba yako alirudisha tarumbeta ya kanisa akiwa ameisugua inang'aa. Akanipa mimi mkononi. Ndiyo hii ninayopiga mpaka leo.

Naona umesoma ujumbe. Nitukane tu, Saulo. Usininyamazie.