Limbuko la Samaki wa Chini

Lushoto, kipindi cha baridi

Mama yangu,

Shikamoo. Goti lako la kushoto nalo nalisalimu, maana najua ndilo linaloamua kama umeamka vizuri au la. Tabu akusomee polepole, asiruke mistari kama anavyoruka sala za jioni akiwa na njaa. Mimi mwanao sijambo, ila baridi ya huku inanionea. Asubuhi ukungu unaingia mpaka jikoni bila hodi. Lile sweta ulilonicheka siku nilipolinunua sasa silivui, na safari hii nakuomba usinicheke.

Kwenye simu ulilalamika kwamba naongea kama mtu anayekimbizwa. Ni mtandao wa milimani, mama, ukihama hatua moja unapotea. Matokeo yake ulisikia nusu tu ya habari ya samaki, ukabaki na hofu kwamba nimefukuzwa. Sijafukuzwa. Ilibaki kidogo, na ndiyo maana nimekaa chini nikuandikie yote.

Unakumbuka nilikuja huku na mafundi kujenga ukuta wa gesti ya Mama Sauda. Ukuta ulipokwisha wenzangu wakaondoka, mimi nikabakizwa kwa sababu moja tu: Mama Sauda alisikia natoka Ukerewe. Sebuleni kwa wageni ana tangi kubwa la kioo, lina samaki wadogo wa mapambo wa kila aina wanaoishi pamoja, na pampu ya kupuliza hewa, na hita ya kupasha maji. "Mtu wa Ziwa hawezi kushindwa na samaki," akaniambia. Mama, samaki ninayemjua mimi ni yule aliyelala kwenye sufuria yako pamoja na nyanya. Lakini nilishaondoka Geita, nikaondoka na Singida, na sikutaka kurudi kwako tena na begi lilelile. Nikasema, "Sawa, mama, nitawatunza."

Nikajifunza, na baada ya muda nikawapenda. Wa juu wana mikia ya rangi na majivuno. Ukikaribia tu wanajaa juu midomo wazi. Ila niliowapenda zaidi ni wa chini, vikambare vidogo vyenye sharubu, havizidi kidole gumba. Kutwa vinapekua changarawe, havigombani na mtu. Watoto wa wageni wanawaita wafagiaji.

Basi hao hao wafagiaji wakaanza kufa. Namkuta mmoja asubuhi kalala ubavu, siku chache zinapita, namkuta mwingine. Wa juu wazima kabisa, wanacheza. Nikabadilisha maji. Nikaosha changarawe yote. Nikadhani ni baridi, nikaangalia hita, inafanya kazi. Nikampigia yule muuzaji wa Tanga, akasema labda nawalisha kupita kiasi, nikapunguza chakula. Kambare wakaendelea kufa. Kila mara nikisafisha nilikuta kwenye changarawe vijiti vyembamba, kama njiti za kuchokolea meno, nikawalaumu watoto wa wageni.

Mama Sauda hakunigombeza, na hilo ndilo lililoniumiza. Aliniita pembeni akaniuliza kama naosha ndoo kwa sabuni. Nikamwambia sijawahi. Akasema, "Mafuru, hawa wa chini wakiisha, itabidi nitafute mtu mwingine." Nikaitikia. Nikaenda nyuma ya banda la kuni nikakaa huko mpaka uso uliponirudia.

Sasa nikueleze habari za Bibi, maana barua hii ni yake zaidi kuliko yangu. Bibi ni mama mzazi wa Mama Sauda, na yeye humwita Sauda tu. Umri wake haujui mwenyewe, lakini kila asubuhi anapanda mteremko kwenda bustani ya Hoza, mpwa wake, na anarudi na kikapu kichwani bila kukishika. Akiingia sebuleni husalimia samaki kwanza, kwa Kishambaa, "Onga makeo," halafu ndiyo watu. Nyumba nzima inamwogopa na inampenda kwa pamoja, kama wewe pale kwetu.

Bibi ana jambo lake moja asiloliacha. Tuta lolote likianza kutoa, iwe njegere, kabichi au spinachi, kile cha kwanza kabisa kuchumwa, limbuko, hakipiti mtu wa nyumba hii. Atakigawa vipande vidogo hata kama ni jani moja, kila mtu apate chake, mpaka paka. Na huku bustani hazipumziki, kwa hiyo malimbuko hayaishi. Mimi tu ndiye niliyekuwa sipewi. Hakuwa na ubaya nami. Alinihesabu fundi, na fundi ni mtu wa kupita. Nilijifanya sioni, lakini nilikuwa naona, mama. Iliniuma kuliko nilivyotegemea.

Asubuhi moja nilikuwa nimechuchumaa nyuma ya tangi natengeneza soketi. Bibi akaingia na kikapu, hakuniona. Akasalimia samaki. Akachukua jani la spinachi, akalipasua, kipande akakichoma na kijiti. Akakunja mkono wa baibui, akasema bismillahi, akazamisha mkono mpaka chini, akakipachika kile kijiti kwenye changarawe. "Haya, hili lenu ninyi wa chini," akawaambia. "Wale wa juu wanadaka kila kitu." Wafagiaji wakajikusanya kwenye lile jani kama watoto kwenye sinia.

Nilibaki pale chini na bisibisi mkononi. Wiki hiyohiyo nilimwona Hoza na pampu mgongoni anapiga dawa ya wadudu kwenye matuta yale yale. Spinachi yetu sisi inaoshwa maji mengi halafu inachemshwa. Ya samaki ilitoka shambani moja kwa moja, kwa sababu kwa Bibi samaki ndio wa kwanza kuonja limbuko, kabla halijafika jikoni. Alikuwa anawapa kwa upendo, na upendo huo ndio uliokuwa unawamaliza.

Nilipoinuka alikuwa ameshatoka. Nikaitoa ile spinachi haraka, nikabadilisha maji, kisha nikasimama nisijue la kufanya. Nikienda kwa Mama Sauda, jina langu linasafishika saa hiyo hiyo, lakini namtia aibu mama yake mzazi kwa ajili ya kitu alichokifanya kwa moyo mweupe. Nikinyamaza, wafagiaji waliobaki wanaisha, na mimi naisha nao. Nikajiuliza ungeniambia nini, nikakusikia kabisa: mtu mzima haambiwi kosa lake mbele za watu, na haambiwi kwa mwanawe kabla ya kuambiwa yeye.

Nikamfuata uani. Alikuwa anamenya njegere. Nikachuchumaa, nikamwamkia upya ingawa nilishamwamkia.

"Marahaba. Una nini? Uso umekupauka."

"Bibi, ile spinachi ya leo, Hoza aliipiga dawa lini?"

"Juzi. Wadudu wamezidi. Kwani umeila mbichi?"

"Mimi sijaila, Bibi."

Alinitazama, akatazama njegere zake, kisha akageuka akatazama mlango wa sebule. Mikono ikasimama. Nilitamani ardhi inifiche, mama, maana niliona jinsi jambo lilivyokuwa linamfikia, taratibu, mpaka likamfika lote.

"Umeitoa?" akauliza.

"Nimeitoa."

"Sauda anajua?"

"Hapana, Bibi. Wala mimi sitamwambia."

Akaniambia, "Nenda kafanye kazi zako." Nikaenda. Nilijua amenielewa, lakini sikujua atafanya nini. Nikaanza kukunja nguo zangu.

Mchana tukaitwa kula makande, wote, Hoza naye alikuwepo. Bibi hakugusa sahani. Alisema mbele yetu, kwa sauti ile ile anayotumia kuomba chumvi: "Sauda, Mafuru mwache. Wale samaki nimewaua mimi, kwa mkono wangu huu. Niliwapa majani yenye dawa." Mama Sauda akaanza kumtetea, kwamba hakujua, kwamba ni uzee. Bibi akamkata. "Uzee haukuingia kwenye tangi. Ni mimi." Hoza naye akafungua mdomo kusema dawa ni yake. "Wewe ulipiga shambani, hukupiga humu," Bibi akamwambia. "Kula."

Mama, nimekaa na watu wazima wengi, wanaume na wanawake. Sijawahi kuona mtu wa umri ule akikosea halafu akabeba kosa lake lote peke yake, mbele ya mfanyakazi, wala asimwachie mtu kipande. Angeweza kunyamaza. Nilishamuahidi kwamba nitanyamaza. Kutoka siku ile namheshimu kwa namna ambayo hata sijui niiseme vipi kwa Kiswahili wala kwa Kikerewe. Ukikutana naye mtapatana, au mtagombana siku nzima mkifurahi.

Hakuishia hapo. Alimlazimisha Hoza alime tuta jipya chini ya dirisha la sebule, na akapiga marufuku pampu kulisogelea. Wadudu anawatoa mwenyewe kwa vidole, jani moja moja, huku anawasema. Nikimsaidia ananiambia nina macho ya mtu wa Ziwa, naona samaki tu, kiwavi simwoni. Na tangu hapo hajafa mfagiaji hata mmoja. Waliobaki wamenenepa, wanapekua changarawe kama zamani, na Mama Sauda ameninunulia wavu mpya.

Msalimie shangazi anayeuza dagaa pale gatini, mwambie utani wake kuhusu mimi kufuga kitoweo umenifikia. Msalimie shemeji fundi baiskeli, na mjomba katekista asiniondoe kwenye maombi yake. Tabu apunguze simu.

Jambo la mwisho, mama, usitupe bahasha kabla hujaikung'uta. Juma lililopita tuta la dirishani lilitoa spinachi ya kwanza. Bibi akachuma, akapasua kipande, akakichoma kijiti, akawapachikia samaki wa chini. Kisha akaanza kugawa: Mama Sauda, Hoza, paka. Mimi nikachukua ndoo nitoke, kama nilivyozoea. Akaniita kwa jina. "Wewe unakwenda wapi kabla hujapewa chako?"

Nilikula nusu pale pale mbele yake. Nusu nyingine niliikausha chini ya godoro, na ndiyo hiyo iliyomo humo ndani. Imekunjamana, haina ladha tena, lakini itie ulimini, ni yako.

Mwanao,
Mafuru