Kabla Hujashika Kalamu

Nyumba ya kona, nyuma ya karakana ya useremala
Jumatatu, tarehe 14

Mpendwa mdogo wangu,

Amani ya Mwenyezi Mungu iwe juu yako, mkeo na wote walio chini ya dari lako. Mgongo wako unaendeleaje na baridi ya huko? Sisi tunapumua kwa rehema zake. Goti langu hulalamika ninapoinuka katika sala, lakini nainuka.

Barua yako nimeisoma mara tatu. Waniuliza utie sahihi au usitie, ili binti yako wa miaka kumi na mitano apasuliwe, tumbo lake lipunguzwe, kwa kuwa uzito na kisukari vimemlemea. Umeniuliza mimi kwa sababu binti yangu kitindamimba alifanyiwa hivyo akiwa na miaka kumi na sita, na sasa ana ishirini na saba. Sikuchelewa kujibu kwa uvivu. Niliogopa.

Nianze na lililo jema, nisije nikamnyima Mola shukrani. Aliingia chumba cha upasuaji na kilo mia moja arobaini na mbili. Leo ana tisini na moja. Zilishuka zaidi ya hapo, kisha chache zikarudi. Kisukari hakijarudi. Wale waliokuwa wakimwita Gunia shuleni leo wanampelekea mashati yao kwa dobi anakofanya kazi, awapigie pasi.

Sasa lililo zito. Wiki tatu zilizopita alizimia penye meza ya pasi. Alianguka kutoka pale aliposimama tu, na mfupa wa kifundo cha mkono ukavunjika. Vipimo vilionyesha damu haba na madini ya chuma karibu yamekwisha. Na ganzi ya nyayo, aliyokuwa akituficha, imetokana na upungufu wa vitamini. Alhamisi tutapewa majibu ya kipimo cha mifupa.

Daktari aliniuliza, "Mzee, vidonge vyake vya vitamini na madini aliacha lini?" Nikasema sijui. Binti akautazama mkono wake uliofungwa plasta, akasema kwa upole, "Baba, unajua."

Nilijua. Mwaka wa tano baada ya upasuaji tuliwakusanya waumini nyumbani kushukuru. Nilisimama nikafundisha kwamba Mungu haponyi nusu, na kwamba aliyeponywa akiendelea kumeza vidonge anamshuku Mola wake. Nilijiona nimenena. Kesho yake nilikiona kikasha cha vidonge kwenye pipa la taka, nikafurahi. Kliniki nayo akaiacha.

"Ulisema mbele ya watu wote," aliniambia tulipokuwa tukirudi. "Ningemezaje nawe unanitazama?"

Mama yake hakunihurumia. "Kwani mzee wangu, hao waliotengeneza vidonge akili walipewa na nani? Waliziokota sokoni?" Mimi niliyesomeshwa dini miaka kumi na miwili nilifundishwa na mke wangu siku hiyo.

Daktari alinieleza kwamba baada ya upasuaji ule mwili wake hauwezi tena kujitosheleza kwa chakula peke yake. Vidonge ni sehemu ya mlo wake maisha yote, na damu ipimwe kila mwaka. Sasa anavimeza asubuhi, nami namshikia glasi ya maji. Damu itarudi. Kuhusu mifupa, daktari hakuahidi kitu.

Kwa hiyo, mdogo wangu, sikukatazi. Kisukari katika umri ule hakina subira, na binti yangu mwenyewe anasema angekubali tena. Lakini jiulize: akifika miaka thelathini, mimi na wewe tukiwa kaburini, ni nani atakayemuuliza kama amemeza? Mtafute mtu huyo kwanza, naye akubali kwa kinywa chake. Ndipo utie sahihi. Na akija mzee wa dini kumwambia mwanao amepona kabisa, hata akiwa mimi, mfungie mlango.

Mfikishie salamu shemeji yangu, na dada yetu mshonaji mkionana. Mola awalinde mchana na usiku, na ampe binti yetu umri mrefu kuliko wetu.

Ni mimi kaka yako, nikupendaye na kukuombea.