Wateja Wamejipunguza Viuno, Mke Wangu Anauza Cherehani

Mpendwa mshauri, naomba msaada wako, na kama utanitukana basi nitukane nikishamaliza, kwa sababu nikikatizwa sitarudi tena kwenye habari hii.

Mimi natengeneza tovuti na mke wangu ni fundi wa nguo, ana duka lenye cherehani nne na meza ndefu ya kukatia, na mwaka jana aliniomba nimtengenezee mahali ambapo wateja wataona kama nguo zao ziko tayari, maana walikuwa wanampigia simu mguu uko kwenye pedali na pini ziko mdomoni. Nikamwambia siku mbili tu. Sasa, ile programu ninayojengea tovuti inakuja na ukurasa wa msimamizi uliokwisha kutengenezwa, una orodha zote za duka, hata vipimo vya wateja, na vitufe vya Ongeza, Badilisha na Futa, nao ni wa mwenye duka peke yake, lakini mimi nikaona tabu ya nini kuwajengea wateja ukurasa wao wakati huu upo na unapendeza, nikampa kila mteja neno la siri, nikamtia tiki kwenye kisanduku cha Mfanyakazi ili mlango umfungukie, nikaenda kuangalia mpira. Wateja arobaini na watatu wakawa wafanyakazi wa duka, na nusu yao hawajui hata kutunga uzi kwenye sindano. Mke wangu aliniuliza, "Na hawatagusa vitu vyangu humo ndani?" Nikamjibu, "Mama watoto, nani ana muda huo?"

Muda walikuwa nao. Walipokuta viuno vyao vimeandikwa peupe, wakajirekebisha. Mwalimu mkuu mmoja alijitoa inchi tano kwa kidole, kazi ambayo matembezi ya asubuhi ya miaka mitatu yalishindwa, na mama mmoja alijipunguza mwenyewe, kisha akaona asiondoke bure, akamwongezea wifi yake inchi sita za nyonga. Mke wangu anakata kitambaa kwa kufuata skrini, kwa sababu mimi ndiye niliyemwambia daftari lake la vipimo limepitwa na wakati, alifungie kabatini. Mwezi uliopita bibi harusi naye alikuwa amejipunguza, zipu ikagoma katikati ya mgongo, akaolewa na pini kumi na moja na mtandio juu, na mke wangu alipiga magoti nyuma yake akimwomba radhi.

Tangu siku hiyo anasema, "Baba watoto, mikono imeniacha." Alikwenda kupimwa macho, akaambiwa ni mazima, akarudi analia zaidi. Miaka ishirini anashona, na Jumamosi hii kuna mtu anakuja kuziangalia cherehani ili azinunue.

Mimi nina siku tisa tangu nijue. Ukurasa ule huweka kumbukumbu ya nani kabadilisha nini na lini, nikaisoma, nikacheka peke yangu, halafu kicheko kikaisha. Nashindwa kusema kwa sababu kila mteja anayeingia anaambiwa, "Mfumo huu kanitengenezea mume wangu." Na kuna jambo jingine: mstari wa kwanza kabisa kwenye kumbukumbu ile ni wangu. Nilijipunguza kiuno inchi tatu, kujaribu tu kama kitufe kinafanya kazi, nikasahau kurudisha, na suruali ilipokuja ikakataa kufunga nilimwambia amekosea kupima.

Mume wa Fundi

MAJIBU

Mume wa Fundi, umemaliza? Haya, zamu yangu.

Nimecheka mpaka nikaiweka barua chini, na nilipofika kwenye suruali nikakasirika kweli. Wateja hawana kosa kubwa. Mtu ukimkabidhi kiuno chake na kitufe cha kukibadilisha, unategemea afanye nini? Uvivu wako nao ningeusamehe. Lakini mwanamke wa miaka ishirini kwenye kazi alianza kuitilia shaka mikono yake siku mume wake alipomwambia amekosea, na aliyekosea alikuwa mume huyo. Bibi harusi alimalizia tu ulichokianza. Na siku tisa unamwona analia, wewe unalinda sifa!

Kwanza, ondoa zile tiki zote arobaini na tatu kabla hujamaliza kusoma gazeti hili. Wakiuliza, waambie mlango ule haukuwa wao.

Kisha chapisha kumbukumbu yote kwenye karatasi, toa daftari kabatini, umketishe mkeo kwenye meza yake ya kukatia, msome pamoja mstari kwa mstari: nani alibadilisha hapa, na daftari linasema nini kuhusu mtu huyo. Anza na mstari wako. Usiseme "mfumo ulikosea", sema "nilikosea mimi." Akirusha mkasi, inama, ukiinuka endelea kusoma. Wateja waliokuja baada ya daftari kufungiwa kabatini, waite waje wapimwe upya. Mnunuzi wa cherehani akija Jumamosi, wewe ndiye utakayemrudisha mlangoni, kwa maneno yako, mkeo akisikia.

Ukurasa wa wateja utautengeneza, na safari hii utachukua muda wake. Mteja aone nguo yake peke yake, iko tayari au bado, na siku ya kuja kujaribu. Hana haja ya kitu kingine humo.

Mwisho kabisa, vua shati, simama mbele ya mkeo, inua mikono, akupime kiuno upya. Atakachokisoma akiandike kwa kalamu yake kwenye daftari lake, nawe ukubali kwa sauti kwamba ndicho. Na usivute tumbo ndani.