Daraja la Mke Mdogo

Jumatatu, 3 Machi

Kundi la asubuhi lilikuwa la walimu wastaafu. Miguu mizito, masikio mepesi – kundi tamu! Nimewapitisha njia ile ile: gatini, forodha ya zamani, mahakama iliyobaki kuta tupu, kisha uchochoro wetu, ambao mtu mnene anaupita kiubavu. Hapo ndipo nanyamaza kidogo na kuinua mwavuli.

"Kisiwa hiki kilikuwa makao makuu," nawaambia. "Serikali ilipovuka maji ilibeba mafaili, siri ikaziacha hapa. Tazameni juu!"

Juu kuna daraja dogo la mbao, lina paa lake, linatoka ghorofa ya juu ya nyumba hii kwenda ya nyumba ile. Nasema tajiri mmoja alilijenga ili avuke kwa mke mdogo bila mke mkubwa kusikia mlango wa chini ukilia. Walimu hoi! Hadithi yenyewe nusu niliikuta kazini, nusu ni chumvi yangu.

Na kama kawaida Mama Mkubwa akatoa kichwa dirishani. Ni dada yake marehemu mama, na daraja linaanzia chumbani kwake.

"Wee mwana, unawadanganya watu wazima! Panda nikwambie la kweli. Utapanda lini?"

"Kesho, Mama Mkubwa!"

"Kesho yako haina asubuhi!"

Kicheko uchochoro mzima. Tumezoea, mimi na yeye, tunapokezana kama watu wa mchezo wa redio. Mwalimu mmoja kaniambia hapo ndipo palipomfurahisha kuliko kote. Sikupanda. Ngazi zile na goti langu hili! Na Mama Mkubwa akianza kusema hamalizi, huku mimi nikitoka kazini sina hamu ya neno tena.

Jumatano, 5 Machi

Bosi katuita wote. Wageni sasa watapewa hedifoni. Watatembea wenyewe, sauti masikioni, ramani mkononi. Sisi tutakuwa "wasimamizi". Wasimamizi wa nini, hakusema.

Sauti iliyochaguliwa ni yangu! Nimejikaza nisitabasamu, nikashindwa. Mwenzangu tunayemwita Kasuku kaninong'oneza kwamba najichimbia kaburi kwa ulimi wangu mwenyewe. Wivu tu. Ila nimerudi nalo nyumbani hilo neno, bado linanikwaruza.

Bosi anataka na dirisha la Mama Mkubwa liwemo. "Bila yule bibi hakuna safari," kasema.

Alhamisi, 6 Machi

Tumerekodi leo. Fundi wa sauti ni mtu wa ndevu nyingi na maneno machache, kashika kinasa sauti chake chenye manyoya kama brashi ya kuoshea chupa. Kwenye forodha vizuri. Mahakamani pikipiki imetuharibia, tukarudia. Kisha uchochoroni.

Mama Mkubwa alikuwa tayari dirishani. Kavaa nguo yake nzuri ya kutokea, kajipaka poda! Kwa ajili ya sauti! Nilicheka mpaka nikajishika mbavu.

"Wamesema maneno haya yatakaa?" kauliza kutoka juu.

"Yatakaa, Mama Mkubwa. Hata sisi tukishakufa."

"Basi ngoja niseme la kweli." Akakohoa, akajiweka sawa, mikono miwili kwenye kizingiti cha dirisha. "Hilo daraja halikuwa la mke wa mtu. Nilikuwa mdogo, lakini nakumbuka. Lilijengwa kwa ajili ya–"

"Hapana, hapana!" nikamkata. "Mama Mkubwa, sema yale ya kila siku tu!"

Fundi kanitazama, kinasa kiko juu. Nikamwambia hicho kipande hakitakiwi. Jua linakwenda, bado tuna posta ya zamani na makaburi.

"Haya," akasema Mama Mkubwa. "Wewe ndiye mwenye kazi."

Akasema yale ya kila siku. Akayasema vizuri, hata kuliko siku zote – utapanda lini, kesho, kesho yako haina asubuhi. Kisha akajirudisha ndani. Kwa kawaida husubiri mpaka tukate kona.

Ningempa dakika mbili. Dakika mbili zingenipunguzia nini?

Jumamosi, 8 Machi

Fundi kanitumia safari nzima kwenye simu. Nimeisikiliza nikimenya viazi. Sauti yangu nzuri, jamani! Pale dirishani kaongeza kicheko cha kundi zima, utafikiri watu wako jikoni kwangu.

Nimemfikiria Mama Mkubwa na ile poda yake. Kesho napanda. Nitampelekea sukari na zulia dogo la mlangoni, nikae chini, nimwache aseme mpaka achoke yeye.

Jumapili, 9 Machi

Sikupanda. Nguo za kufua, kisha mvua, kisha usingizi. Kesho.

Jumanne, 11 Machi

Dirisha limefungwa. Mabawa yote mawili, la kushoto na la kulia.

Nilikuwa na kundi, pengine la mwisho kabla ya hedifoni. Nimemaliza hadithi ya mke mdogo, nikanyamaza kama kawaida kumpisha. Kimya. Nikaita, "Mama Mkubwa!" Kimya. Mgeni mmoja akacheka, akadhani ni sehemu ya mchezo, na wengine wakamfuata. Nami – Mungu anisamehe – nikatabasamu.

Fundi cherehani wa chini kanivuta pembeni. Kaniambia Mama Mkubwa ameanguka jana asubuhi, wakambeba kwa kiti kumshusha ngazi. Kiharusi. Upande wa kulia wote, na kauli imemkatika. Kauli! Angekatika mkono mimi nisingeshangaa hivi.

Jana asubuhi. Jana nilikuwa na kundi la watoto wa shule, tukachelewa kivuko, nikaruka uchochoro mzima. Nilifurahi hata kuuruka.

Alhamisi, 13 Machi

Nimemwendea fundi wa sauti. Nimemuuliza kile kipande Mama Mkubwa alichoanza kusema, kabla sijamkata. Kiko wapi?

Kafuta.

"Si ulisema hakitakiwi?" Hakunisema vibaya, alisema kwa upole tu, na huo upole ndio ulioniumiza. Kanitafutia tena mbele yangu, kafungua hiki na kile. Hakuna. Kilichopo ni utapanda lini.

Nimeishi kwa kusimulia historia ya mji huu, watu wananipigia makofi. Historia yenyewe ilikuwa inanitolea kichwa dirishani kila siku ya Mungu, inaniita kwa jina la mwana, nami naitumia kuchekesha watu. Ngoja ngoja huumiza matumbo, wanasema. Langu haliumi. Limekuwa zito tu, tangu Jumanne.

Jumapili, 16 Machi

Nimepanda. Goti halikuuma hata kidogo. Aibu gani hii!

Wamemrudisha nyumbani. Amelala karibu na mlango wa daraja, mdomo umekwenda upande, macho yale yale. Kanitambua mara moja. Nimemshika mkono wa kushoto, ule mzima, naye kaubana wangu kwa nguvu mpaka pete imeniuma. Nimelia. Nimemwambia, "Nimekuja, Mama Mkubwa, nisamehe." Katoa sauti, ila si neno.

Binti yake amevuka maji kuja kumuuguza. Dada yangu huyu hatujaonana miaka. Anampangusa mdomo kwa kitambaa, kisha ananiambia taratibu:

"Nasikia mna sauti yake kwenye ile mitambo yenu. Mimi sina hata moja. Tulikuwa tunapigiana simu tu, nani angefikiria kuhifadhi? Nipe, nimsikie mama anaongea."

"Nitakuletea."

"Anasema nini humo?"

"Anasalimia wageni."

Simu iko mfukoni mwangu. Iko hapa sasa hivi.

Dada alipokwenda jikoni nimefungua mlango wa daraja. Tangu utoto sijaingia humo. Mbao zimechimbika mistari miwili, sambamba, kutoka nyumba hii hadi ile – mistari ya magurudumu. Na ubao wa kushikia uko chini mno, chini ya kiuno changu, umelainika kwa kushikwa. Mtu aliyesimama hawezi kuushika. Ni wa mtu aliyekaa.

Hakuna mke mdogo. Palikuwa na mtu asiyeweza kutembea, na watu wa nyumba mbili waliompenda kiasi cha kumjengea njia hewani. Nami nimemfanyia mzaha maisha yangu yote ya kazi.

Nimerudi kitandani. "Alikuwa nani, Mama Mkubwa?" Kafumbua mdomo. Shingo imekaza, jasho limemtoka, na sauti ile ile tena. Kajaribu, kajaribu. Nikamwambia basi, pumzika, kesho. Limenitoka lenyewe hilo neno! Kafumba macho.

Naandika hapa hapa kwenye kiti cha dirishani, daftari magotini. Nasikia viatu chini. Kundi la kwanza la hedifoni. Hakuna anayeongea, hakuna mwavuli. Wamesimama chini yetu, wameinua nyuso, kimya kabisa. Najua wako wapi. Sasa ni mke mdogo. Sasa ni mlango wa chini unaolia. Sasa–

Wamecheka, wote kwa pamoja. Wanatupungia mkono.

Mama Mkubwa amefumbua macho. Amegeuza uso kwenye dirisha, na mkono wa kushoto unanyanyuka polepole kutoka kwenye shuka. Dada ametoka jikoni na mikono yenye povu, amechungulia chini, amenigeukia.

"Hawa wanacheka nini?"

Ameniuliza mara ya pili sasa. Nimeinamia daftari kama mtu anayeandika jambo la maana.